Taa Inawaka

Wateja wake walimwita Mama Pindo, na jina hilo hakupewa bure. Mafundi wengi wa cherehani wakifika kwenye pindo la suruali huwa wamechoka. Wanapiga mstari mmoja wa harakaharaka, wanakata uzi, kazi imekwisha. Yeye hapo ndipo ukorofi wake ulipoanzia. Alikuwa tayari kulifumua pindo zima kwa ajili ya mishono miwili iliyokwenda upande, tena mbele ya mwenye suruali aliyekwisha kuvua viatu akingoja kujaribu. Ukimwambia, "Fundi, nani ataona huko chini?" anakujibu, "Nimeona mimi." Ukiendelea kubisha, unakabidhiwa nguo yako na kuonyeshwa mlango.

Sasa mtu aliyejijengea jina kwa kuona, akianza kutoona, anakwenda kumwambia nani?

Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha, mpaka jirani alipoamua kujenga ghorofa. Ukuta ulipanda, ukapanda, ukamaliza anga yote, hata ukitoa mkono dirishani unagusa saruji. Saa sita mchana sebule ikawa kama ndani ya kabati. Ndipo binti yake wa mwisho, fundi wa umeme aliyerithi ulimi wa mama na mikono ya baba, alipokuja na ngazi yake akafunga taa kubwa darini na swichi ya aina yake ukutani.

"Mama, sikiliza vizuri. Hapa ukutani ni kuwasha na kuzima tu, basi. Kuongeza mwanga au kupunguza ni kwa hii." Akamwonyesha rimoti nyeupe, ndogo kama kipande cha sabuni ya kuogea, yenye kitufe cha juu na cha chini. "Ukishona nyeusi, pandisha. Mkikaa kupumzika na baba, shusha."

"Ipandishe mpaka mwisho," alisema Mama Pindo, pini tatu mdomoni, "halafu hicho kidude kiweke mbali nami. Kupumzika nitapumzika nikifa."

Mumewe alicheka kutoka kwenye kiti chake cha pembeni. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Nusu ya mageti ya mtaa yalikuwa kazi ya mikono yake, na nusu nyingine, kwa maelezo yake mwenyewe, yalikuwa kazi ya watu ambao wangefaa kuuza karanga. "Na hiyo nayo mnaita taa?" alisema. "Mimi nimeishi uso kwa uso na moto wa kuchomelea. Hicho ni kibiriti."

Haikupita muda rimoti ikapotea. Mara ya mwisho ilionekana mkononi mwa mjukuu, mtoto wa yule yule binti, ambaye alikuwa bado hajajua kusema vizuri lakini alishajua njia ya chooni, na alishatupa humo kiatu, ufunguo na nusu mkate. Wakatafuta chini ya makochi, wakatafuta ndani ya marobota ya vitambaa, wakakata tamaa. Kesi ikafungwa huku mshitakiwa akinyonya kidole. Na kwa kuwa taa ilikuwa imeshapandishwa mpaka mwisho, hakuna aliyeona hasara.

Ilianza na sindano. Mama Pindo alikuwa na desturi ya kutunga uzi huku akisengenya, bila kupunguza kasi ya lolote kati ya hayo mawili. Asubuhi moja uzi ukapita pembeni ya tundu. Akaulamba, akajaribu tena, ukapita pembeni ya upande wa pili. Akautukana uzi. Siku nyingine akazitukana sindano, kwamba siku hizi zinatengenezwa na watu wasioogopa Mungu. Lakini alipojikuta ameinama mpaka kidevu kinakaribia kugusa cherehani, na mshono bado anaukisia tu, aliacha kutukana. Kitu cha baridi kilimshuka mgongoni.

Maana alikijua kitu hicho. Alikuwa amekiona kikimla mama yake.

Mama yake naye alikuwa mshonaji, na ndiye aliyemfundisha. Macho yake hayakuondoka siku moja. Yaliondoka kama mgeni mwenye adabu, kidogo kidogo. "Nje naona," alikuwa akisema, "humu ndani ndimo nisimoona." Akawa mtu wa kugombana na kila mtu kuhusu taa. Mara mnanipunja mafuta, mara nani kaukata utambi, mara kioo hakijafutwa. Watoto walikifuta kioo kila siku na kucheka jikoni. Mpaka jioni moja, wote wakiwa mezani na taa inawaka pembeni ya kiwiko chake, mama aliinua uso akauliza, "Mbona hamjawasha taa?" Watoto waliangua kicheko, wakidhani ni mzaha. Kicheko kiliishia hapo hapo, maana yeye hakucheka. Walipompeleka hospitali waliambiwa ni presha ya macho, kwamba inatembea kwenye damu ya ukoo, na kwamba watoto wote waje kupimwa. Mama Pindo hakwenda, si siku ile wala baadaye. Aliogopa kuambiwa.

Kwa hiyo sasa, kila alipoketi kwenye cherehani na kuona sebule imeingia ukungu kuliko jana, aliuma ulimi. Neno lolote kuhusu taa alijikataza. Alijua kwamba siku atakayofungua kinywa na kusema taa hii haiwaki vizuri, atakuwa amekuwa mama yake.

Akabaki na tumaini moja: balbu. Balbu huzeeka kama watu. Alinunua mpya, akaificha chini ya vitambaa, akangoja mumewe aende kuoga. Alipanda juu ya stuli, akatoa ya zamani, akafunga mpya, akashuka, akabonyeza ukutani. Taa ikawaka. Ilikuwa na ukungu ule ule, hafifu kama ya mwanzo. Hata angeambiwa ni ile ile ya zamani angekubali.

"Basi si balbu," alijisemea. Akaketi juu ya ile stuli, balbu ya zamani mkononi, nzima kabisa. Alitaka kulia, lakini maji ya bafuni yalikuwa yameacha kumwagika, akasimama.

Tangu hapo aliishi kama mwizi ndani ya nyumba yake. Vitambaa alivitoa nje eti kuvikung'uta vumbi, kumbe anakwenda kutazama rangi. Mteja akileta nguo, alimuuliza kwa sauti ya kibiashara, "Na wewe mwenyewe rangi hii unaionaje?" na watu wakasifu jinsi siku hizi anavyowasikiliza wateja. Uzi mweusi aliuweka kwenye kopo la maziwa, wa bluu iliyoiva kwenye kopo la biskuti, ili mkono ujue hata kama jicho halijui. Na mumewe alipokuwa nyuma ya nyumba, alifumba macho akatembea kutoka chumbani hadi jikoni, vidole ukutani, akijizoeza.

Mara moja mumewe alimkuta hivyo. "Unatafuta nini ukutani, mama watoto?"

"Mjusi."

"Tangu lini ukawa rafiki wa mijusi?" alisema mumewe, akaenda zake kwenye kiti cha pembeni.

Kama asingekuwa na hofu yake mwenyewe ya kulea, huenda angemtazama mumewe vizuri. Mzee alikuwa ameacha kwenda kijiweni, akidai jua limekuwa kali. Alishinda sebuleni na redio, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, koti lake la zamani la kazi halimtoki mwilini hata joto likiwaje. Aliosha macho mara kwa mara, akisema ni mchanga ule ule wa enzi za kuchomelea, utatoka. Mama Pindo alimjibu, "Pole," bila kuinua kichwa. Kwa kweli alishukuru kwamba mtu aliyekaa nyuma yake hamtazami sana.

Ndipo vikaja vizibao vya hoteli. Vizibao vyeusi vya wahudumu, robota zima, kazi ambayo mafundi wengine waliipigania. Alivishona kwa wiki nzima akiwa ameukaza uso mpaka kichwa kikamuuma, akavikunja, akavituma. Siku ya pili msimamizi wa hoteli alikuja mwenyewe na mfuko. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake siku ile ulitisha.

"Mama Pindo, hebu tutoke nje kidogo."

Juani alikitoa kizibao kimoja na kukitandaza juu ya mkono wake. Mishono yote ilikuwa ya bluu. Bluu kwenye mifuko, bluu mabegani, bluu kwenye yale mapindo yaliyompa jina. Mahali fulani, siku fulani, alikuwa amerudisha uzi kwenye kopo lisilo lake. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

"Nimesema huyu si Mama Pindo ninayemjua," alisema msimamizi taratibu. "Labda kuna mtu ulimpa akusaidie?"

"Ndiyo," alisema Mama Pindo, na hakujua neno limetoka wapi. "Kuna msichana nilimpa."

"Mfukuze."

"Nimeshamfukuza."

Alirudi ndani akaketi na wembe wake wa kufumulia, akaanza kumfumua yule msichana asiyekuwepo, mshono kwa mshono. Alifikiria kesho nani atamtungia uzi, keshokutwa nani atamshika mkono kwenda chooni, na huyu mzee wake atamtazama kwa jicho gani, la huruma au la kuchoka. Alimfikiria mama yake akipapasa mapindo ya nguo za watu wengine kwa vidole, akitabasamu, ili aonekane bado ana kazi. Hakuwahi kuogopa hivyo tangu azaliwe.

Mlango ulisukumwa. Alikuwa binti, mtoto mgongoni, mfuko wa matunda mkononi. Hakuingia. Alisimama pale kizingitini akikunja uso.

"Mama, mbona mmekaa gizani?"

Wembe ulimponyoka. "Umesema nini?"

"Nasema mbona giza. Mmeishusha taa hivi ya nini? Unashona nguo nyeusi kwa mwanga wa kulalia?"

Mama Pindo alisimama, akamfuata pale mlangoni, akamshika mabega kwa nguvu mpaka mtoto mgongoni akashtuka. "Giza unaliona wewe? Wewe mwenyewe, kwa macho yako?"

"Mama, analiona kila mwenye macho. Una nini?"

Alichokuwa nacho hakikuwa na jina. Alicheka, akalia, akajifuta uso kwa kizibao cha hoteli. Alisema, "Rudia tena," na binti akarudia, sasa akiwa ameanza kuogopa yeye. Ikabidi amweleze yote palepale, tangu sindano mpaka balbu.

"Hata ungebadilisha balbu kumi, mama! Nilikwambia siku ile, ulikuwa unatafuna pini. Swichi hii inakumbuka. Ukizima na kuwasha, inarudi palepale ilipoachwa. Na haishuki yenyewe. Kuna mtu anaishusha, na anaishusha kwa rimoti."

Wote wawili wakamgeukia mtoto. Mtoto akatoa kidole mdomoni, akakirudisha. Kisha, polepole, wakageukia kiti cha pembeni.

Mzee alikuwa amezima redio. Aliingiza mkono ndani ya koti, kwenye mfuko wa kifuani, akatoa rimoti nyeupe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema tu kwamba huenda kikawa na betri.

"Nilikuwa nashusha kidogo tu," alisema. "Nikaona husemi kitu. Nikajua haikusumbui, nikashusha tena kidogo."

"Haikunisumbua?" Sauti ya Mama Pindo ilipanda mpaka ghorofani kwa jirani. "Nimejizika mzima humu ndani! Nimetembea nikipapasa kuta! Nimemsingizia msichana ambaye hajazaliwa! Na mjukuu wako umemwacha abebe kesi yako! Lete hapa!" Alimpokonya rimoti, akakandamiza kitufe cha juu na hakukiachia.

Mwanga ulijaa sebuleni. Aliona kila pini sakafuni. Aliona bluu ni bluu na nyeusi ni nyeusi, aliona tundu la sindano kutoka pale aliposimama. Kwa pumzi moja tu alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani.

Kisha akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mumewe. Alikuwa ameuficha uso ndani ya kiwiko, kofia imedondoka, miguu inasukuma sakafu kana kwamba kiti kingeweza kurudi nyuma zaidi ya ukuta. "Shusha! Shusha, mke wangu, nakuomba!"

Binti aliibonyeza swichi ya ukutani, akazima kabisa. Mama Pindo akapiga magoti mbele ya kile kiti, akamtoa mkono usoni, akamgeuza kwenye mwanga kidogo wa mlangoni. Macho yalikuwa mekundu, yanachuruzika. La kulia lilikuwa na utando katikati, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

"Tangu lini?"

"Tangu rimoti ilipopotea."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Mimi, niliyechomelea mageti ya mtaa huu, niseme balbu inaniumiza?" Akajaribu kucheka. "Halafu wewe unauhitaji huo mwanga. Ningesema, ungezima, na kazi ungeacha. Nakujua."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Katika nyumba ile walikuwa wawili, kila mmoja ameficha lake, mgongo kwa mgongo, chini ya taa moja.

Daktari hakuwakaripia, akawaeleza wazi. Macho yalikuwa yamevimba kwa ndani, na mwanga wowote mkali ulikuwa kama kidole kwenye kidonda. La kulia lilichelewa, hakuwaahidi kitu. La kushoto wangelipigania kwa dawa za matone, na nyumbani akae kwenye mwanga mdogo. "Mwanga ukimuuma, msiogope sana, poleni, ndivyo ugonjwa ulivyo," alisema. "Ila siku akisema hauoni, msingoje kesho."

Kisha, kwa kuwa binti alikuwa ameshamsemea, daktari akampima na Mama Pindo. Akamulika, akatazama muda mrefu. Kesi ya mama yake yote ilipita kichwani mwake, taa, utambi, kicheko. "Macho yako ni mazima, mama. Labda miwani ya kusomea, kwa umri." Alishusha pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu utotoni. Pembeni yake mumewe alikuwa ameketi na kitambaa usoni, na yeye alifurahi, akaona haya kwa kufurahi, akaomba kimoyomoyo isionekane.

Tangu siku hiyo rimoti ilikaa kwenye mfuko wa aproni yake. Nguo nyeusi alizishonea asubuhi mlangoni, palipokuwa na jua. Za rangi nyepesi alizishonea ndani, taa imeshushwa, mzee akiwa kwenye kiti chake. Lakini hofu haikuhama nyumba ile, ilihama kiti tu. Kila siku, kabla ya kuanza kazi, aliingiza mkono kwenye aproni akapandisha mwanga kidogo, bila kusema, akasikiliza.

"Punguza bwana!" mzee alifoka.

"Inauma?"

"Inauma, ndiyo! Unafikiri nafanya maigizo?"

"Vizuri," alisema Mama Pindo, na kushusha, na moyo wake ukatulia mpaka kesho. Binti aliwasikia siku moja, akasema hajapata kuona mke anayefurahia maumivu ya mumewe namna hii. Mzee akasema yeye aliligundua hilo siku ya harusi.

Ikafika siku, baada ya chakula cha mchana. Vizibao vipya vya hoteli, safari hii vya rangi nyepesi, vilikuwa mapajani mwake, maana yule msimamizi alikuwa amempa kazi tena, kwa sharti kwamba msichana yule asirudi. Aliingiza mkono kwenye aproni, akapandisha kidogo. Akasikiliza. Redio ilikuwa inazungumza. Akapandisha zaidi, pini zikaanza kuonekana sakafuni. Mzee hakusema kitu. Labda amesinzia, alijiambia, akageuka kumtazama. Hakuwa amesinzia. Alikuwa amevua kofia na kuiweka gotini, uso ameuinua darini, ametulia.

Alikandamiza kitufe mpaka mwisho. Sebule yote ilikuwa nyeupe.

"Mama watoto," alisema mzee kwa upole, "mbona hujawasha taa? Washa ushone. Leo hainiumi."

Kidole cha Mama Pindo kilikuwa bado kiko juu ya kitufe. Angeweza kumjibu, nawasha sasa hivi, akasimama, akabonyeza ukutani mara mbili, mzee asikie mlio, waendelee kukaa. Alijua jinsi ya kunyamaza, alikuwa bingwa wa hilo. Aliviweka vizibao chini, akazima redio, akaenda kumshika mkono.

"Taa inawaka," alimwambia. "Vaa viatu."